Likizo ya Madam, Msiba Wangu

Dada zangu, tangu nirudi nyumbani kikundi chetu cha simu hakijanipa nafasi ya kupumua. "Nafula, picha za mnara ziko wapi?" "Nafula, Ufaransa kukoje?" Mnara sikuuona. Ufaransa niliyoiona mimi ni mvua, ng'ombe na kuta za mawe. Wengine mmeniuliza kuhusu mama, kwa upole, na mimi nikanyamaza kwa sababu jambo lenyewe haliandikiki kwa mistari miwili. Basi nimekaa leo niandike yote mara moja, nikifuata njia niliyopita. Mambo ya viza na tikiti nayaruka. Yalishughulikiwa na wenyewe, mimi kazi yangu ilikuwa kupigwa picha bila kutabasamu.

Riyadh hadi Taif

Mnajua nilikuwa Al-Malqa kwa madam Hind na mumewe, ambaye kama ilivyo kawaida tulimwita Baba, pamoja na binti yao Lulu wa miaka minne. Hawakuwa watu wabaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua mnapenda kukimbilia kutukana.

Mama yangu alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imevimba, anapumua kwa taabu. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kwenda kumwona. Madam akanishika bega akasema, "Twende kwanza likizo, Nafula. Mama Kubwa hawezi kusafiri bila wewe. Tukirudi tu, unaenda kwenu, insha'Allah." Mama Kubwa ni mama mzazi wa madam, anakaa Jeddah, na kila akija Riyadh ni mimi niliyemwogesha na kumlisha. Nilimpigia mama kumweleza. Akacheka kwa ile pumzi yake fupi, akaniambia niende nikaone Ulaya nije nimsimulie. Nikaenda, lakini kila nilichofunga kwenye masanduku yale nilikifunga kwa hofu moja: nisije nikamkosa.

Baba alikataa ndege ya kwenda Jeddah. Anapenda gari lake. Tukapita jangwani mchana kutwa, mchele na masufuria nyuma yangu, Lulu amenilalia, na karibu na Taif tairi likapasuka. Fundi wa pale kituo cha mafuta alikuwa Mpakistani mzee. Madam na Baba wakabaki ndani ya gari kwenye kiyoyozi, mimi nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, yule mzee akanipa chai yake mwenyewe. Tukazungumza kwa Kiarabu chetu cha jikoni. Akaniuliza wazazi wangu wazima? Nikamwambia mama mgonjwa. Akasema baba yake alikufa asubuhi, jioni akawa ameshazikwa, na yeye aliona mazishi kwenye simu, mkono mmoja umeshika spana.

Nikamwambia, "Kwetu sisi maiti hungoja. Hata watoto wakiwa mbali, hungoja mpaka wafike wamwone uso."

Akanitazama kwa mshangao. "Hungoja wapi?"

Nikajaribu kumweleza mochari kwa maneno machache niliyokuwa nayo, akatikisa kichwa na kurudi kwenye tairi lake. Nilimhurumia. Nilijiona mwenye bahati, kama mtu anaweza kujiona mwenye bahati kando ya barabara ya Taif.

Al-Safa, Jeddah

Njia ya gari inayopita Makka hairuhusiwi kwetu Wakristo, kwa hiyo kwa ajili yangu peke yangu ilibidi tuzunguke ile barabara ya pembeni. Baba alinung'unika kwamba tumechelewa. Madam akamjibu kwamba sheria ni sheria. Mimi nyuma nikajifanya nimelala.

Nyumbani kwa Mama Kubwa, Al-Safa, alikuwepo mfanyakazi wake, Mwanaisha wa Mombasa, mliyemwona kwenye simu yangu, yule mwenye vicheko. Alikuwa amepika wali wa nazi kwa siri, akaniwekea sahani chini ya karai. "Kula, mwenzangu," akasema, "huko uendako watakupa majani." Kilikuwa ndicho chakula cha mwisho kilichonishuka vizuri katika safari yote. Alibaki kulinda nyumba, nami nikachukua mkono wa Mama Kubwa.

Uwanja wa ndege hadi shambani

Madam alikuwa amegandisha nyama ya kondoo, sanduku zima, akaifunga kwa karatasi za foili. Watu wa forodha wa Ufaransa waliifungua mbele yetu na kuitupa kwenye pipa. Nyama hairuhusiwi kuingia, wakasema. Madam akabishana kwa Kiingereza, Baba akabishana kwa Kiarabu, Mama Kubwa akauliza kwa sauti kama hawa watu hawana njaa kwao. Tulisimama pale mpaka Lulu akajikojolea. Ndivyo nilivyoingia Ulaya, nimebeba mtoto aliyelowa.

Kisha gari la kukodi, kisha mvua, kisha njia nyembamba kati ya mashamba ya ngano, nyuma ya trekta ambalo halikuwa na nia ya kutupisha. Tulipotea mara kadhaa. Kila tukisimama kuuliza njia, watu wenyewe walikuwa wazee, na kila mzee alituelekeza kwa mkono mrefu kule tulikotoka.

Shamba lenyewe

Hapa lazima mcheke kidogo, maana mbele hakuna kicheko.

Madam alisikia "shamba" akafikiria mazraa ya kwao: bwawa la kuogelea, mazulia, taa za rangi kwenye mitende, mtu wa kuchoma nyama. Mimi nilisikia shamba nikafikiria jembe. Tulichokikuta ni ua wa matope uliozungukwa na majumba ya mawe ya zamani sana, bata wakitupigia kelele, na mama mmoja mwenye mvi na buti za mpira akija na fungu la funguo. Aliitwa Odile. Shamba lile lilikuwa la ukoo wao tangu babu wa babu zake, na kwa kuwa maziwa hayalipi tena, ndugu zake na yeye waligeuza mabanda ya zamani kuwa nyumba ndogo za wageni. Madam na Baba walipewa ghala la nafaka. Mimi na Lulu tulipewa zizi la ng'ombe. Mama Kubwa alipewa nyumba ya tanuri, walimookea mikate zamani, kwa kuwa ina chumba cha mbele kisicho na ngazi.

"Zizi?" madam akaniuliza pembeni. "Tumelipa kulala kwenye zizi?"

Lilikuwa zizi zuri, sina ubaya nalo. Boriti za mwaloni, kitanda safi, dirisha dogo. Lakini kulikuwa na ubaridi ndani ya yale mawe usiotoka hata jua likiwaka, na jua liliwaka kwa nadra.

Odile alikuwa ametuwekea kikapu cha kutukaribisha: mkate, soseji za nguruwe, na chupa ya divai. Madam akakirudisha kana kwamba kina nyoka. Odile akadhani tumekasirika kwa uchache, akaleta kikapu kikubwa zaidi, soseji maradufu. Ilibidi nitoke nje nimweleze kwa ishara, nikionyesha nguruwe na kukataa kwa kichwa, mpaka yule mama akaelewa, akashika mashavu yake kwa aibu. Tangu siku hiyo alituletea mayai na maziwa tu. Mama Kubwa alikunywa maziwa yale ya moto akasema ni kama ya utoto wake, na kila asubuhi nilimsukuma kwa kiti chake mpaka kwa ng'ombe awasalimie. Sisi wengine tulikula mayai mpaka tukayachukia.

Habari

Nilikuwa namenya viazi mlangoni pa zizi, mvua ikinyesha, simu ikalia. Alikuwa Wafula, kaka yangu.

"Nafula, uko mahali unaweza kukaa?"

Nikajua.

"Mama ametuacha. Leo asubuhi. Body iko mochari, usijali, tutakungoja. Wazee wamesema hatuziki bila wewe. Wewe kuja tu."

Nililia pale juu ya viazi. Odile alinisikia akiwa upande wa pili wa ua akaja na buti zake, akaninyang'anya kisu akaendelea kumenya.

Nilipomwambia madam, alinikumbatia kabisa, kifua kwa kifua. Akasema Inna lillahi. Akaniambia nisifanye kazi, akapika yeye mwenyewe, akaniletea chai kitandani, akatoa sadaka kwa jina la mama yangu. Baba alisimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa. Mama Kubwa alinishika mkono akanisomea dua. Nasema kweli, hata nyumbani sikuwahi kufarijiwa vile. Nikajua kesho yake tutazungumza habari ya kuondoka.

Kesho ikapita kimya. Na iliyofuata. Siku tatu za matanga kwa desturi yao zilipokwisha, madam akaniita akaniuliza kama naweza sasa kufua nguo za Lulu. Nikafua. Nilikuwa nasubiri atamke yeye, maana amenihurumia, atakuwa anapanga. Wafula alipiga: "Unakuja lini? Watu wanauliza." Nikasema bosi anapanga. Akapiga tena. Nikasema bado anapanga. Hasira ikaanza kunipanda polepole. Ile chai ya kitandani ikaanza kunichafua roho nikiikumbuka.

Mwishowe nikamwendea. "Madam, naenda lini nyumbani?"

"Tukirudi, habibti, kama tulivyosema."

"Madam, ni mama yangu."

Akanitazama kwa huruma ile ile. "Najua. Lakini sasa uende kufanya nini? Halas, Nafula. Mungu amemchukua. Muombee."

Halas. Yaani imekwisha. Nilitoka nje nikatembea katikati ya ng'ombe, nikamtukana madam kwa Kibukusu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwona ni jiwe kama zile kuta. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba, kwa jinsi anavyojua yeye, mama yangu alikuwa ameshazikwa jioni ile ile aliyokufa, na kwamba mimi nilikuwa naomba kukimbilia mahali pasipokuwa na la kukimbilia.

Odile

Aliyelifungua jambo hili ni Odile, na alilifungua kwa nia njema. Alinikuta kwenye zizi la chini, la ng'ombe wenyewe, nimekaa kwenye nyasi kavu. Akatoa simu yake, akaongea Kifaransa, nayo simu ikanisemea Kiswahili cha mtangazaji wa habari. Aliniuliza mama yangu alizikwa lini.

"Bado," nikasema. "Wananingoja."

Simu ikamtafsiria. Akakaa kando yangu. Akasema anaelewa. Baba yake alipokufa, walimlaza kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya tanuri, madirisha wazi kwa ajili ya baridi, wakakaa naye kwa zamu mpaka dada yake akafika kutoka ng'ambo. Babu yake pia alilazwa pale pale. Wote wa ukoo wao.

"Kwa nini bosi wako hakupeleki?" simu ikauliza.

"Sijui."

Odile akainuka. Akaenda moja kwa moja kwenye ghala, akagonga, akaketi na madam, akamweleza yote, ya mama yangu na ya chumba cha mbele. Alidhani anamtuliza, amwonyeshe kwamba hata Wafaransa hungoja maiti wao.

Madam alikuja kwangu akikimbia kwenye matope bila viatu. Sijawahi kumwona hivyo.

"Bado hajazikwa? Nafula! Siku zote hizi? Yuko wapi?"

"Hospitalini, madam. Kwenye friji."

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akakaa chini, pale pale, akalia kilio cha msiba. "Kwenye barafu! Maskini mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Tukatazamana. Hasira yangu yote ikadondoka, nikabaki na aibu. Siku zote hizo kila mmoja wetu alikuwa anamshangaa mwenzake.

Basi mambo yakaenda mbio. Mama Kubwa alipopata habari kwamba amekuwa akilala pale walipolazwa maiti wa ukoo mzima, alikataa kukanyaga tena nyumba ya tanuri. Alisema anarudi Jeddah, sasa hivi, na kwamba harudi bila mimi. Baba akapiga simu huku na huku, akatupatia nafasi: mimi na Mama Kubwa mpaka Jeddah, kisha mimi peke yangu mpaka Nairobi. Ilikuwa njia ya kuzunguka, lakini ilikuwa njia. Nikampigia Wafula: "Nakuja." Akasema, "Sawa, tunangoja."

Tukiagana, madam alinibusu. Akaomba namba ya kaka yangu ili ampe pole. Nikamsomea, akaiandika kwenye simu yake huku akifuta machozi. Odile alinipa jibini imefungwa kwa kitambaa, akaniambia kwa simu yake niende salama. Nilimwacha Lulu dirishani, akinipungia mkono bila kujua.

Al-Safa tena

Ndege ilichelewa kuondoka, na Mama Kubwa alilalamika njia nzima. Mwanaisha alitupokea mlangoni. Alipomaliza kunilia, nikamsimulia yote, mpaka ile namba.

Akaacha kukunja nguo. "Alitaka namba ya kakako ya nini?"

"Ampe pole."

"Nafula, sikiza. Weye hujui. Sisi kwetu maiti hakai. Kumcheleweshea kaburi ni kumtesa, ndivyo tulivyofunzwa tangu wadogo. Yule kakaa chini kwenye matope akalia kwa sababu gani? Huyo hawezi kulala na jambo lile. Mpigie kakako sasa hivi."

Nikapiga. Simu imezimwa. Nikapiga tena nikiwa nafunga sanduku, nikapiga uwanjani, nikapiga mpaka mhudumu wa ndege akaniambia nizime. Nilijiambia ni chaji. Kwetu umeme hukatika kila mara, mnajua.

Nairobi hadi Lugari

Kutoka Nairobi nilipanda basi la kwenda magharibi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, mchuuzi wa vitunguu, aliona macho yangu akanigawia mahindi ya kuchoma bila kuuliza. Nilipomweleza naenda kuzika mama, akasema nina bahati, watu wameningoja. Nikamwambia ndiyo.

Nilipofika njia panda ya kwetu nikawaona vijana wanapakia viti vya plastiki kwenye gari. Hema lilikuwa limeshushwa, wawili wanalikunja. Wanawake walikuwa wanasugua masufuria makubwa kwa majivu. Nilisimama na sanduku langu, na hakuna aliyehitaji kuniambia. Nyuma ya nyumba udongo ulikuwa mwekundu, mbichi, na maua juu yake.

Wafula alitoka na shati jeupe lenye matope mikononi.

"Mlisema mtaningoja," nikamwambia.

"Si ni wewe ulimtuma bosi wako? Alipiga akilia, mpaka nikashindwa hata kumjibu. Akasema Nafula ni dada yake, na mama asilale huko hata siku moja zaidi. Akasema gharama zote ni juu yake. Nikajua mmekubaliana. Nikawaambia wazee Nafula amesema tuendelee."

"Mimi nilikuwa njiani, Wafula."

"Ungepiga."

"Nilipiga. Ulikuwa umezima."

"Nilikuwa kaburini."

Tukakaa chini sote wawili juu ya viti vilivyobaki. Sikuwa na nguvu ya kumlaumu. Alikuwa amefanya alichodhani nimetaka, na madam alikuwa amefanya alichodhani mama yangu anahitaji.

Madam alipiga simu siku hiyo hiyo. Tangu nione kaburi nilikuwa nimempangia maneno, kama mngekuwepo mngeyafurahia. Akauliza, "Amepumzika sasa, Nafula? Alhamdulillahi. Sikuweza kula nikifikiria ile baridi." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Nikamwambia, "Shukran, madam." Mtaniambia mimi mjinga, na labda ni kweli. Lakini alikuwa amemlilia mwanamke ambaye hajawahi kumwona, na ni yeye huyo huyo aliyenipokonya uso wa mama yangu. Nimebaki na yote mawili na sijui niyaweke wapi. Anataka nirudi. Sijamjibu.

Watu walipotawanyika nikauliza mama alivishwa nini. Kazi hiyo kwetu ni ya binti. Wafula akasema gauni la bluu. Shangazi akasema hapana, lile jeupe la kanisani, alimwagiza mtu alipeleke mochari. Wakabishana kidogo, kila mmoja na rangi yake. Nikaingia chumbani kwa mama, nikafungua kabati niangalie ni lipi limebaki. Yote mawili yalikuwa humo.